Kipanga wa Mkuyu na Kuku wa Mama Skola

Nyie mnaofuga kuku ndani ya banda la waya, mkawawashia taa na kuwapa chakula cha gunia, sina ugomvi nanyi. Kuku wenu wananenepa upesi na hamjui shida ya kutazama juu. Lakini kila mjukuu wangu anaponiambia, "Bibi, kufuga kuku ni kazi ya kukaa tu," natamani nimrudishe Mabibo ya ujana wangu kwa asubuhi moja, nimkabidhi tetea mwenye vifaranga, halafu niende zangu kisimani. Nikirudi ndiyo tuzungumze habari ya kukaa.

Mabibo ya wakati wa Mwingereza ilikuwa minazi, mikorosho, mihogo, na mpunga kule chini kuelekea bonde la Msimbazi. Nyumba zilikuwa moja hapa, nyingine kule. Mume wangu Ramadhani alikuwa kuli bandarini. Anatoka alfajiri kwa miguu, anarudi magharibi mabega yamemvimba. Mie nilifuga kuku. Sikufuga wawili watatu wa kuchinja mgeni akija. Nilifuga wa kuuza. Mayai yalikwenda Kariakoo, majogoo walikwenda kwa wapishi wa Wazungu, na watoto wangu walivaa na kula kwa kuku hao.

Kazi nilifundishwa na shangazi yangu, Bi Tatu. Alikuwa mkali, na alikuwa na sikio. Siku moja tumekaa tunasuka ukili, kuku wanachakura uani, akaniuliza bila kuinua macho, "Umesikia?"

"Nimesikia nini, shangazi?"

"Tetea amesema kuna mgeni wa juu. Simama."

Nikasimama, nikaona mwewe anazunguka juu ya minazi. Tangu siku hiyo nikajifunza lugha ya kuku, na nyie jifunzeni hata kama mna waya. Tetea akiona adui wa chini, kama nguchiro au nyoka au paka, hukatakata sauti: kot, kot, kot, bila kupumzika, na shingo ameinyoosha. Akiona adui wa juu huvuta sauti moja ndefu ya kooni, kama mtu anayekwaruza ubao, kisha ananyamaza kabisa. Ule ukimya ndio wa kukutoa mbio. Vifaranga wakiusikia wanaingia chini ya mbawa au kwenye majani, wanalala kama mawe.

Sasa huyo mwewe mnayemwona hata leo juu ya majalala, mwenye mkia wa panda, ni mwizi asiyejua kujificha. Anazunguka, anapiga mluzi wake, anateremka, anazunguka tena. Ukimtupia bua la muhindi ukapiga na kelele, anakwenda kujaribu kwa jirani. Aliyetutoa machozi ni kipanga. Kipanga ana mbawa fupi pana na mkia mrefu, na anapita katikati ya matawi kama mtu anayepita kwenye nyumba aliyozaliwa. Hazunguki juu. Anakaa kimya ndani ya mti, ametulia, jicho lake la njano halipepesi. Anangoja tetea ainamie punje. Halafu anakuja chini chini, usawa wa magoti yako, anapinda kwenye kona ya nyumba, na unachoona wewe ni vumbi na manyoya mawili yanaelea. Mwewe huwa unamfukuza. Kipanga unagundua kwamba ameshaondoka.

Tulijaribu kila dawa. Tulining'iniza vitambaa vyekundu, tukatundika kunguru aliyekufa kwenye mti, tukaweka vipande vya kioo vimulike jua. Kipanga alishtuka kwa muda, kisha akazoea. Mwaka mmoja nikasikia kwa mwanamke wa Manzese kwamba ukiwapaka vifaranga bluu ya kufulia nguo, kipanga hawatambui. Nikakoroga bluu kwenye karai, nikawachovya mmoja mmoja, nikawaanika. Walipendeza kweli! Lakini mama yao alipowaona alipiga kelele kama ameona chatu, akaanza kuwadonoa. Hakuwatambua. Nilishinda mchana kutwa nawafua watoto wa kuku kwa sabuni huku Bi Tatu amekaa kizingitini anacheka mpaka kanga inamdondoka. "Mwajuma," akasema, "kwa kuwaficha mwizi umewaficha hata mama yao." Baadaye niliwaona wengine wakitumia rangi na ikawafaa, kwa sababu walipaka siku vifaranga walipoanguliwa, mama akawazoea hivyo hivyo. Kosa langu lilikuwa kuchelewa. Liwekeni akilini hilo.

Lakini niliyotaka kuwaambia leo ni habari ya Mama Skola.

Mama Skola alikuwa Mngoni, ametoka Songea na mume wake kutafuta kazi. Mume akapata kibarua cha reli, wakajenga kibanda mwisho kabisa wa Mabibo yetu, kule bondeni, karibu na mkuyu mkubwa ambao watu waliuogopa. Wengi wetu tuliambiwa utotoni kwamba mti ule una wenyewe, majini, basi hakuna aliyekuwa akikata kuni pale wala kupumzika kwenye kivuli chake. Wao walikuwa wageni, hawakujua, wakapewa kiwanja ambacho hakuna aliyekitaka. Mwaka uliofuata yule bwana akashikwa na homa, akafa. Mama Skola akabaki na binti yake mdogo, Skola, na kuku wachache. Alikuwa Mkristo, anavaa tasbihi shingoni, Kiswahili chake kina lafudhi ya bara, na alikuwa mpole kiasi kwamba ukimkanyaga yeye ndiye anaomba radhi.

Tulianza kuzoeana kwa sababu ya kuku. Nilikuwa na mayai mazuri na sina tetea wa kuyaatamia; yeye alikuwa na tetea anayeng'ang'ania kulalia hata jiwe. Akaniambia, "Dada Mwajuma, lete mayai yako, huyu wangu atayalea." Alipoangua akaniletea vifaranga wote, hakubakiza hata mmoja, na alikataa kuchukua zawadi.

Kipupwe cha mwaka huo kipanga alituandama kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Kila nyumba ililia. Mie nilipoteza vifaranga wa matetea wawili, wakabaki wale waliokwishakuwa wakubwa. Jirani yangu Mfaume, ambaye alikuwa akikusanya kuku na kuwapeleka sokoni kwa baiskeli, matenga yamefungwa nyuma, alipoteza zaidi. Mfaume hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hasara, na mtu mwenye hasara hutafuta wa kumtwika hasara yake.

Akaanza kuuliza swali ambalo sie sote tulikuwa tukiliuliza kimoyomoyo. Mbona kuku wa Mama Skola hawaguswi?

Ilikuwa kweli. Ungeenda kwake ungewaona vifaranga wanazagaa uani peupe, hakuna tenga, hakuna kitambaa, hakuna anayewachunga. Na kipanga unamwona kwa macho yako anapita juu yao, anakuja huku kwetu kuchukua wa kwetu, anarudi kulekule kwake na kifaranga kwenye kucha. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

"Anamfuga," Mfaume akasema kisimani, mbele ya wanawake wote. "Yule mwanamke wa bara anamfuga yule ndege. Sie tunamlishia."

Neno la kisimani linatembea. Baada ya siku chache wanawake wakaacha kumsaidia Mama Skola kujitwisha mtungi. Skola akafukuzwa kwenye michezo ya wenzake. Kisha tukasikia kwamba Mfaume na wazee kadhaa wamekwenda kwa jumbe kuomba yule mama aondolewe Mabibo.

Nilimkuta amekaa mlangoni, mikono mapajani. Aliniambia, "Nikiambiwa niende nitaenda, dada. Sina nguvu ya kugombana na mji mzima. Lakini mume wangu amelala hapa. Nikiondoka nani atapalilia kaburi lake?"

Nilikwenda nyumbani na hasira, na hasira ile nilikuwa nayo kwa vitu viwili. Kwanza, kwa sababu ya yule mama. Pili, kwa sababu ya kazi yangu. Nilijua kwamba wakimfukuza watafurahi, watalala usingizi, na kipanga ataendelea kula kuku wangu. Hakuna atakayetafuta sababu ya kweli, maana wataamini wamekwishaipata. Nikaamua nitamfuatilia yule ndege mpaka nijue anaishije.

Wanangu, kumtazama kipanga si sawa na kutazama kuku. Siku za mwanzo nilitoka mbio nikimfuata, macho juu, nikajikwaa kwenye visiki, nikaingia kwenye mihogo ya watu. Anapotea kwenye minazi kama moshi. Jioni nikarudi nimechanika kanga, Ramadhani akaniuliza kama nimepigana na mtu.

Aliyeniokoa ni mgema, Mzee Kondo. Huyu alikuwa akigema tembo kwenye minazi ya bondeni, anapanda asubuhi na anapanda jioni, kibuyu kiunoni, na wakati mwingine alionja kazi yake kabla hajashuka. Aliniona nahangaika chini, akaniita kutoka juu kabisa.

"Mwanangu Mwajuma! Unamtafuta nani?"

"Kipanga!"

"Yupi, mume au mke?"

Nikasimama. "Kwani wewe unawajua?"

"Nawaona kila siku. Nyie mnawaona matumbo, mie nawaona migongo." Akashuka taratibu, akajifuta jasho. "Yule mdogo ndiye mume. Yule mkubwa ni mke, ndivyo walivyo, mke anamzidi mume mwili. Mke siku hizi hatoki. Amelalia kule mkuyuni. Mume ndiye anayetafuta, akipata anakuja na windo lake mpaka kwenye ule mkorosho uliokauka, analinyonyoa manyoya, halafu anamwita mkewe. Mke anatoka, anachukua chakula, anarudi. Mume hapewi hata asante."

"Mkuyu ule wa Mama Skola?"

"Ule ule. Kiota kiko kwenye panda, upande wa bondeni, ndiyo maana hamkioni. Kila siku wanaleta matawi yenye majani mabichi, wanatandika. Wasafi kuliko watu wengi."

"Mzee Kondo, na siku zote hizi hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza," akanijibu, na alishangaa kweli.

Nikaenda chini ya ule mkorosho mkavu. Niliyakuta manyoya ya vifaranga wangu, ya njiwa, ya tetere, na mikia ya panya. Nikachagua mahali kwenye kichaka cha mkwamba, nikakaa. Safari hii sikukimbia. Nilijikunja pale kila asubuhi baada ya kumaliza kazi za nyumbani, nikamwacha kipanga aje kwangu.

Nikaona jambo ambalo hata Mzee Kondo hakuwa amelitilia maanani. Yule mume, alipokuwa karibu na mkuyu, hakuwinda kabisa. Njiwa walitua kwenye matawi ya chini ya mti uleule wenye kiota, naye akawapita. Vifaranga wa Mama Skola walichakura chini ya pua yake, akawapita. Alitoka moja kwa moja, kimya, akavuka bonde au akaja huku kwetu, na huko ndiko alikogeuka kuwa kipanga. Na sikuona mwewe hata mmoja akithubutu kusogea pale. Mmoja alijaribu, mke akatoka kiotani akamfuata kwa makucha mpaka kule kwenye mpunga.

Nilielewa. Nyumbani kwake hataki vurugu. Anawinda mbali, na wageni wenye meno au makucha anawafukuza. Kuku wa Mama Skola walikuwa wanaishi kwenye baraza la mwenye nguvu, na mwenye nguvu hakuwa akiwala kwa sababu walikuwa mlangoni kwake.

Nikaenda kwa jumbe siku ya baraza. Wazee walikuwa wamekaa, Mfaume naye yupo, Mama Skola amesimama pembeni na Skola ameshika nguo yake. Nikaeleza yote niliyoyaona. Mzee Kondo akaitwa, akasema ni kweli, kiota kipo. Jumbe wetu alikuwa mtu wa taratibu. Akasema, "Twendeni tukaone."

Tukaenda kundi zima mpaka kwenye mkuyu. Watu wakasimama mbali kidogo kwa sababu ya yale ya wenyewe wa mti. Mfaume akavua viatu. "Nitaupanda mwenyewe," akasema, "nikakiteremshe hicho kiota, tuone ndani kuna ndege au kuna hirizi."

Mzee Kondo akamwambia, "Mwanangu, mie kupanda ndiyo kazi yangu na siupandi mti huo sasa hivi. Wameangua."

Mfaume hakusikia. Alipanda vizuri, ni mwanamume mwenye nguvu, akafika kwenye tawi la kwanza kubwa. Sie chini tulimsikia yule ndege kabla hatujamwona: kek-kek-kek! Mke alitoka upande wa bondeni kama jiwe la kombeo, akampiga Mfaume kichwani, kofia ikaruka, akageuka akampiga tena. Mfaume alishuka ule mti haraka kuliko tulivyodhani mtu anaweza kushuka. Watu wengine walicheka. Mie nilikosea, nilicheka pia, maana nilidhani shauri limekwisha.

Mfaume akasimama, damu inamtiririka kwenye paji la uso, akanyoosha kidole, si kwa ndege, kwa Mama Skola. "Mmeona wenyewe! Mnataka ushahidi gani tena? Ndege anamlinda!"

"Analinda watoto wake," nikasema.

"Kwa nini akalindie watoto wake juu ya nyumba yake huyu? Miti imekwisha Mabibo?"

Na watu wakaguna. Niliona nyuso zinabadilika moja baada ya nyingine. Kile nilichokileta kiwe uthibitisho kilikuwa kimegeuka mikononi mwangu. Jumbe akanitazama. "Mwajuma, maneno yako yana njia, na ya Mfaume yana njia. Nishike yapi?"

Sikuwa nimejiandaa. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kile kichaka muda mrefu, na nilimjua yule ndege. Nikasema, "Jumbe, kama ndege ni wa Mama Skola, hatamla kuku wake milele. Kama ni wa porini, anaheshimu pale kwa sababu ya watoto tu. Watoto wakikua wakatoka kiotani, heshima imekwisha. Tungoje mpaka mvua za vuli. Zikianza kunyesha na kuku wa Mama Skola hajaguswa, basi aondoke, na mie nitaondoka naye. Mie, mume wangu na watoto wetu."

Jumbe akasema, "Umesema mbele ya watu."

"Nimesema."

Jioni Ramadhani alifika nyumbani, akaweka mzigo wake chini, akaketi. Akapokea maji, akanywa, akarudisha kata. Kisha akasema kwa upole sana, "Nimeambiwa njiani kwamba tunahama. Ningependa kujua tunahamia wapi."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na una hakika?"

"Nina hakika na ndege. Vuli ndiyo sina hakika nayo, inaweza kuwahi."

Akachezea kovu la mkononi. "Basi endelea," akasema. "Lakini nikihama kwa sababu ya kuku, bandarini sitasimulia." Mume wangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Wengine wangenipa talaka.

Kesho yake niliwafunga matetea wangu wote wenye vifaranga wapya, nikawabeba kwenye matenga mchana, kila mtu ananiona, nikawapeleka uani kwa Mama Skola chini ya mkuyu. Nikashinda naye kutwa, na kila siku nikafanya hivyo. Kuku wangu walikua bila kupotea hata mmoja. Hiyo ndiyo elimu niliyoifanyia kazi maisha yangu yote: kila kipupwe, nikishajua kipanga amejenga wapi, naomba nafasi kwenye ua ulio karibu na kiota, nawapeleka vifaranga wangu huko. Nimetumia mkuyu, nimetumia msufi wa Mikocheni, na mwaka mmoja nilitumia mvule uliokuwa kwenye ua wa Mhindi mmoja ambaye hakunielewa kabisa ila alinionea huruma. Hata Mfaume baadaye alikuja na tetea wake kwapani, ameangalia pembeni, akauliza kama kuna nafasi. Lakini sijafika huko.

Watoto wa kipanga walikuwa wawili. Walitoka kiotani wakawa wanakaa kwenye matawi, wanene, wajinga, wanalia siku nzima kuomba chakula. Wazazi wao vifua vyao vina mistari ya kukingama, myembamba myembamba. Watoto vifua vyao vina matone ya kahawia, kama mtu amewarushia mchuzi. Nilimwonesha Mama Skola, akawa anawatambua vizuri kuliko mie.

Tulingoja waanze kuondoka. Hawakuondoka. Waliruka mpaka mnazi wa jirani, wakarudi. Wazazi walipunguza kuwaletea chakula. Wao wakazidi kupiga kelele. Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa bahari, joto likapanda, watu wakaanza kutengeneza mashamba. Kila mtu aliyepita pale alitazama mbingu kwanza, kisha akawatazama kuku, kisha akanitazama mie.

Sijui kama kuna wafugaji wengine waliowahi kufanya tuliyoyafanya. Kila asubuhi tuliwatoa vifaranga wa Mama Skola peupe, tukawamwagia chenga za mchele, tukaenda kukaa mbali, tukimwomba kipanga aje achukue. Yeye akiomba kwa tasbihi yake, mie kwa yangu. Yule mume akipita juu, tunashika pumzi. Anapita.

"Labda ananipenda kweli," Mama Skola akasema siku moja. Alisema kwa mzaha, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Hampendi mtu. Ngoja," nikamwambia. Nilisema kwa ukali kwa sababu mie mwenyewe nilikuwa nimeanza kuhesabu vyombo vyangu kichwani, kipi tutabeba na kipi tutaacha.

Siku hiyo niliyotaka kuwafikisha, mawingu yalikuwa meusi tangu asubuhi na upepo ulikuwa umesimama. Mfaume alikuwa anapita na baiskeli yake kwenda kwa wateja wa ng'ambo ya bonde. Akasimama, mguu mmoja chini. Hakuja kugomba. Nadhani naye alikuwa amechoka na jambo lile. "Mwajuma," akasema, "leo inanyesha. Nitakusaidia kubeba mizigo kwa baiskeli. Sitaki useme Mfaume hana utu."

Kabla sijamjibu, tetea wa Mama Skola akavuta ile sauti. Ile ndefu, ya kooni. Halafu kimya.

Alikuja mmoja wa wale watoto wawili. Kifua chake cha matone nilikiona wazi. Hakuja kama baba yake, chini chini na kwa ufundi. Alikuja kama mtu anayeanguka kitandani. Alimkosa kifaranga wa kwanza, akajigonga kwenye tenga, akapinduka kwenye majani ya muhogo, akainuka amevurugika manyoya, akamrukia kifaranga wa Mama Skola aliyekuwa amekimbilia miguuni pake. Akamkamata. Akajaribu kuruka, akashindwa na uzito, akakokota mpaka ukingoni mwa ua, akapiga mbawa kwa nguvu zake zote, akapanda. Akapita juu ya kichwa cha Mfaume, karibu kiasi kwamba Mfaume aliinama na kushika kofia kwa mikono miwili, baiskeli ikaanguka, matenga yakafunguka na kuku wake wakatawanyika bondeni.

Mfaume alibaki ameinama hivyo hivyo. Kisha akainuka polepole, akamtazama Mama Skola. "Amechukua wako," akasema.

"Amechukua wangu!" Mama Skola akasema, kama mtu anayejaribu neno geni. Halafu akapiga kigelegele. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti tangu nimfahamu. Akafunga kanga kiunoni, akashika mkono wa Skola, akakimbia kupandisha kuelekea nyumba za watu, na mie nyuma yake, na Mfaume nyuma yangu akiacha kuku wake wanazurura. Mvua ikaanza, matone makubwa makubwa, naye hakusimama. Kila mlango aliita: "Kipanga amechukua kifaranga wangu! Jamani, tokeni! Amechukua wa kwangu!"

Watu wakatoka vibarazani. Waliangalia mvua, wakamwangalia yeye aliyelowa chapachapa, wakamwangalia Mfaume ambaye alitikisa kichwa kukubali kwamba ameona kwa macho yake. Mwanamke wa kwanza kushuka kibarazani alikuwa mmoja wa wale walioacha kumtwisha mtungi. Akasimama mbele yake mvuani, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, Mama Skola," akamwambia. "Pole sana na kuku wako."

"Ahsante, dada," akajibu, anacheka huku analia. "Ahsante. Nimepoa."